Nyaya msichome, na TV za chogo msizifungue

Ndugu, nimekuelewa: kikundi chenu hapo Temeke mmekusanya redio, kompyuta na TV mbovu, Jumamosi mnataka kuzifungua pamoja muuze skrepa, na kuna mwenzenu anashauri mchome nyaya mpate shaba haraka.

Hilo la kuchoma likataeni. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa moshi wenye dioksini, yaani kemikali zenye sumu kali, na watoto wa mtaa ndio watakaouvuta. Menyeni kwa kisu. Inachosha, ndiyo, ila shaba inabaki safi.

Anzeni na kompyuta za mezani, bisibisi ya nyota inatosha. Kava, feni, bodi, kila kitu na ndoo yake. Pitisheni sumaku: chuma kinanasa, shaba na aluminiamu hazinasi. Lile boksi la umeme lenye feni, mnapoingiza waya wa ukutani, litoeni zimazima. Kapasita za ndani, yaani vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata likishachomolewa. Maikrowevu ni hatari zaidi, msiiguse kabisa.

TV za chogo ndizo zinanitia wasiwasi. Kioo chake kina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na ndani hakuna hewa. Kikipasuka vipande vinaruka. Waachieni mafundi wanaozijua.

Betri ya simu iliyovimba msiitoboe, iwekeni kwenye mchanga mkavu, mbali na jua. Na akija mtu na asidi ya kutafutia dhahabu kwenye bodi, mfukuzeni.

Glavu ngumu na miwani ni lazima. Kabla ya kuuza, ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni wanunuzi gani wana kibali cha taka za kielektroniki.