Kusomea utengenezaji wa meno bandia chuo kikuu: jibu langu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Habari wakuu. Mleta uzi ameuliza hivi: mdogo wake amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nafasi ya udaktari hakupata, na kuna mtu amemshauri asomee utengenezaji wa meno bandia. Anataka kujua kama hii ni fani ya kukaa darasani miaka mitatu minne, au ni ufundi wa kujifunza kwa kukaa na fundi. Wengi mliotangulia mmemwambia aende kwa fundi, na hela ya ada aifungulie biashara. Nimesoma majibu yote. Mimi nimepita njia zote mbili, kwanza kwa fundi Kariakoo, kisha chuo, na sasa ni mwaka wa kumi na moja niko maabara hapa hapa Dar. Naomba nieleze kwa urefu.

Kwanza tutenganishe kazi, maana naona humu zimechanganywa. Daktari wa meno anasoma DDS, shahada ya udaktari wa meno, pale MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) ni miaka mitano, halafu intanshipu. Yeye ndiye anayeingiza mkono mdomoni mwa mgonjwa: anachonga jino, anachukua kipimo (alama ya meno na fizi kwenye rojo inayoganda), anavalisha. Fundi sanifu wa meno yuko maabara. Anapokea kile kipimo, anamimina plasta (unga wa jasi uliokorogwa na maji), anapata mfano wa taya, na juu ya mfano huo anajenga meno ya kuvua na kuvaa, krauni (kofia ya jino), bridji (meno ya kuziba pengo yanayoshikwa na meno ya jirani), na vifaa vya kunyoosha meno ya watoto. Mgonjwa mara nyingi hamuoni kabisa. Lakini kinachokaa mdomoni mwa mgonjwa miaka na miaka kimetoka mikononi mwa fundi.

Nilianza kwenye chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, Kariakoo. Fundi wangu alikuwa na mkono mzuri sana na alinifundisha kwa moyo, sina neno baya juu yake. Ndani ya miezi minane nilikuwa najua kumimina plasta, kupanga meno kwenye nta, kupika akriliki, plastiki ya kutengenezea fizi za meno bandia, na kung'arisha mpaka kitu kinawaka. Nikaamini najua kazi.

Halafu akaja bibi mmoja wa Mbagala. Daktari aliyekuwa akimhudumia alimtuma aje mwenyewe kwa sababu meno yalikuwa yamerudishwa mara mbili na bado yalimuumiza. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua fundo la kanga na kutoa meno yake ya juu, yamefungwa kwenye kitambaa cheupe. Meno mazuri, nimeyapanga mimi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nimekunywa uji tangu Mfungo Mosi." Akafunua mdomo. Pembeni ya kaakaa kulikuwa na kidonda chekundu, urefu wa punje ya mchele. Fundi akachukua meno, akasaga kidogo pale palipokuwa panagusa, akamrudishia. Baada ya wiki mbili akarudi, safari hii yanacheza, akiongea yanadondoka. Tukasaga tena. Baada ya hapo hakurudi tena.

Nilimuuliza fundi tatizo ni nini. Akasema mdomo wa yule bibi mgumu. Sikuridhika, lakini sikuwa na jibu lingine. Hilo ndilo lililonipeleka chuo.

Nilisoma Afrika Kusini, Durban University of Technology. Fani hii hufundishwa pia Cape Peninsula University of Technology na Tshwane University of Technology. Wakati wetu mpangilio ulikuwa diploma ya miaka mitatu, kisha mwaka wa nne wa BTech (shahada ya teknolojia) kwa anayetaka shahada. Darasa dogo, kila mtu na meza yake, taa yake na visu vyake vya nta.

Mwaka wa kwanza, somo la malighafi, mwalimu aliingia na kipimo cha alginati, akakiweka mezani bila kukifunika, akaendelea kufundisha. Alginati ndiyo ile rojo inayochanganywa na maji, inaingia mdomoni laini na kuganda kama jeli. Mwisho wa kipindi akamimina plasta kwenye kipimo kile, na akamimina kwenye kingine kilichochukuliwa mdomo ule ule dakika hiyo hiyo ya kwanza. Kesho yake tukapewa mifano miwili tuipime. Haikulingana. Alginati sehemu yake kubwa ni maji. Ukiiacha wazi maji yanatoka na inasinyaa. Ukiitumbukiza kwenye maji, inayanywa na kuvimba. Inatakiwa ikae kwenye unyevunyevu na imiminwe haraka, ndani ya robo saa hivi ikiwezekana.

Nilikaa pale nikimkumbuka yule bibi. Kipimo chake kililetwa na bodaboda kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, saa nane mchana, jua la Februari, ndani ya mfuko mkavu wa plastiki, na foleni ya Kilwa Road mnaijua. Kilipofika tukakiacha mezani mpaka tulipomaliza kazi nyingine. Mdomo wake haukuwa mgumu. Tulimtengenezea meno ya mdomo mwingine, usiolingana na wake, halafu tukawa tunasaga.

Wakuu, hapo ndipo tofauti ilipo. Kwa fundi nilijifunza kufanya. Chuoni nilijifunza kwa nini, na ukijua kwa nini unapata ujasiri wa kukataa kipimo kibovu kabla hakijawa meno mabovu. Mtu aliyefundishwa kufanya tu hupokea kila kinacholetwa, kwa sababu hana cha kumwambia daktari.

Mifano iko mingi. Akriliki tunachanganya poda na likwidi, takriban sehemu tatu kwa moja. Likwidi ile inachemka karibu na nyuzi 100. Ukiharakisha moto, inachemka ndani kabla haijashikana na poda, na unapata vitundu vidogo hasa penye unene. Vitundu hivyo hunywa mate, hushika uchafu, vinanuka, na meno huvunjika hapo. Njia salama niliyofundishwa na ninayoitumia ni nyuzi 74 kwa saa nane, napika usiku kucha. Kariakoo tulikuwa tunaweka sufuria kwenye jiko na kuchemsha mpaka tukiridhika. Au uchukue plasta: ile ya kawaida, gramu 100 inataka maji kama mililita 50. Jiwe la kutengenezea krauni, yaani plasta ngumu zaidi, gramu hizo hizo zinataka kama 23 tu. Anayemimina maji kwa kukadiria kwa jicho anapata mfano laini unaochubuka kwa kisu, na krauni itakayojengwa juu yake haitakaa.

Kuchonga meno kwa nta ndiko kulikonitoa machozi. Gego la kwanza la chini lina vilele vitano, na kila kimoja kina mahali pake pa kukutana na jino la juu. Nililichonga gego hilo labda mara arobaini. Mwalimu alikuwa akilishika juu ya taa, analizungusha, halafu analibonyeza kwa kidole gumba linakuwa bonge tena, bila kusema neno. Siku aliyoliweka mezani zima, nilitoka nje nikampigia mama simu. Baada ya hapo likaja somo la taya zinavyosogea, kwa sababu mtu hatafuni kwa kufungua na kufunga kama mlango, taya linakwenda pembeni na mbele. Kuna masomo mengine, ya biashara na fizikia, hayo atayapita tu kama amesoma PCB kwa dhati.

Sasa kuhusu kompyuta, maana kuna mchangiaji amesema fani inakufa, mashine zitafanya kila kitu. Mashine hizi si za jana. Zürich walimwekea mgonjwa wa kwanza kazi ya kauri iliyochongwa kwa kompyuta mwaka 1985, na mafundi bado tunahitajika. Ninayo skana na ninafanya zikonia, kauri ngumu ya kutengenezea krauni, kila wiki. Zikonia inachongwa ikiwa laini kama chaki, kisha inaingia tanuru la karibu nyuzi 1,500, na inasinyaa robo hivi au pungufu kidogo. Programu inaikuza kwanza ili ikisinyaa irudi saizi yake. Inapendeza kuiona. Lakini programu inapendekeza umbo la jino, na anayejua kwamba kilele hiki kitagonga mgonjwa akisogeza taya pembeni ni yule aliyechonga nta mara arobaini. Na kipimo kikiwa kibovu, kompyuta itakutengenezea krauni mbovu iliyo safi sana.

Kurudi nyumbani kulikuwa na ugumu wake. Umeme ukikatika tanuru likiwa katikati ya kazi, kazi imekwenda, na niliwahi kupoteza krauni nne kwa usiku mmoja kabla sijanunua jenereta. Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye kukataa. Mwezi wa kwanza nilirudisha kipimo cha kliniki moja, nikampigia daktari na kumweleza kwa heshima kwamba ukingo wa jino hauonekani, kuna povu la hewa, naomba tuchukue upya. Alikasirika. Akaniambia fundi wake wa zamani hakuwahi kulalamika. Nikampelekea picha niliyoipiga kwa karibu. Kazi alichukua akapeleka kwingine. Baada ya miezi mitatu akarudi mwenyewe, na tangu hapo anamimina mfano pale pale kliniki kwake, dakika chache baada ya kipimo kutoka mdomoni, halafu bodaboda analeta plasta iliyokauka tayari. Jua la Mbagala haliwezi kuifanya kitu.

Kwa upande wa njia: kama chuo kikuu nje ya nchi ni mzigo kwa familia, KMTC (chuo cha mafunzo ya afya cha Kenya), Nairobi, wana diploma ya miaka mitatu ya fani hii, na ni karibu. Popote aendako, kabla hajalipa hata shilingi, kama ni shahada aende TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) aulize kama chuo na shahada hiyo vinatambulika, na aulize Baraza la Madaktari Tanganyika masharti ya usajili, kwa sababu tangu sheria ya 2017 fani shirikishi za afya ziko chini ya usimamizi wake. Nimeona vijana wamerudi na cheti kizuri wakahangaika kwa kutofanya safari hiyo moja. Na akitamani siku moja Uingereza, ajue kule fundi wa meno lazima awe amesajiliwa General Dental Council, baraza lao la meno, tangu 2008. Ufundi wa kukaa na mtu hautamfikisha hapo.

Jambo jingine ambalo humu hakuna aliyeligusa ni kifua. Vumbi la kusaga lina silika, na likwidi ya akriliki ina mvuke mkali. Barakoa ya kweli na mashine ya kunyonya vumbi avizoee tangu siku ya kwanza. Fundi wangu wa Kariakoo alikuwa anakohoa kila asubuhi kwa miaka yote niliyokaa naye, na sisi tulizoea tu.

Wala sisemi asikae na fundi. Akae, ila kabla ya chuo, wiki mbili tatu, aone kama anaweza kuinamia kitu kidogo saa sita bila kuchoka roho. Mleta uzi, mnunulie mdogo wako kipande cha sabuni ya mche na kisu kidogo chenye ncha. Atafute picha nzuri ya gego la kwanza la chini, upande wa kushoto, namba 36, alichonge kubwa mara tano ya jino la kawaida. La kwanza litakuwa baya, na la pili pia. Akifika la tano na bado anataka kuchonga la sita, nitumie picha zake PM (ujumbe wa faragha), zote, hata zile mbaya, nitamwambia ninachoona.