Tuliitafuta au tuliitunza? Vile nilijifunza kuweka "it" na "him" mahali pake kwa Kingereza

Kuna barua pepe moja niliandika miaka mingi imepita, nikiwa karani kwa ofisi ya kliaringi (ya kutoa mizigo forodhani) hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unashtuka. Kontena ya mteja ilikuwa haionekani, imetoka Mombasa vizuri alafu dereva kazima simu, siku tatu tunapiga simu Malaba, ule mpaka mwingine, tunauliza kila yadi, hakuna. Mteja yuko Dubai anataka habari. Nikamwandikia: "We looked after it for three days." Nlitaka kusema tuliitafuta siku tatu. Yeye akajibu asante sana kwa kunitunzia mzigo, akatulia, akamwambia mnunuzi wake wa Kampala mali iko salama. Siku ya nne ndo akajua ukweli. Bosi hakunifukuza lakini ile wiki sikulala, maana mtu ametoa ahadi kwa mtu mwingine juu ya neno langu moja dogo.

"Looked for it" ni kutafuta. "Looked after it" ni kutunza. Kitenzi ni kile kile, wakati uliopita ni ule ule, "it" ni ile ile, kilichobadilika ni hako kaneno ka katikati tu.

Sasa wengi wetu tukisoma Kingereza tunakariri go went, take took, bring brought, tangu P4 (darasa la nne) walimu wanatupigisha hiyo wimbo na ni sawa, lazima uijue. Lakini mi naona taabu kubwa haiko pale, iko kwa kile kinachofuata baada ya "took" au "looked", na hapo hakuna mtu alinielezea vizuri.

Ebu angalia lugha yetu kwanza. "Nilimsubiri." Neno moja, na ndani yake nimo mimi, kumo jana (wakati uliopita), yumo yeye, na ile kazi ya "for" imemezwa na kitenzi chenyewe. Luganda pia hivo hivo, "nnamulinda", neno moja. Kingereza kinafungua huo mzigo na kuupanga chini kipande kwa kipande: "I waited for him." Ndo maana sisi tunaandika "I waited him" na "I listened him", kwa sababu kichwani tunahesabu vipande vya nyumbani na tunaona vimetosha. Hata "alinielezea", ile -ni- ya katikati ndo mtu aliyeelezwa na -ea ya mwisho inafanya kazi ya "to", lakini kwa Kingereza lazima umtoe nje na "to" yake, "he explained it to me", ukisema "he explained me" umepoteza kitu njiani.

Alafu kuna ugonjwa wa upande wa pili. Mtu akishaogopa kusahau vihusishi, yaani hivyo vimaneno kama "for" na "to", anaanza kuvipachika hata mahali havitakiwi, anasema "I told to them", "we discussed about it", "they requested for it". Hizo tatu utazisikia kila ofisi kuanzia hapa mpaka Kampala. "Told them", "discussed it", "requested it", basi, usiongeze kitu.

Haya, sasa ile iliyonisumbua kuliko zote, "it" inakaa wapi? Unaweza kusema "I picked up the phone" na unaweza kusema "I picked the phone up", zote mbili safi. Lakini ukitoa simu ukaweka "it", mlango mmoja unafungwa. "I picked it up" peke yake. "I picked up it" hakuna mwenyewe wa hiyo lugha atasema. Vivyo hivyo "she gave it back", "he threw them away", "they turned it off". Lakini ukichukua hiyo sheria ukaipeleka kwa "looked after" ukasema "I looked her after", umeharibu, hapo ni "I looked after her" na haibadiliki kamwe.

Nilikuwa nadhani ni bahati nasibu tu mpaka siku moja nikaanza kusikiliza wanaposoma habari kwa redio, nikasikia kitu. Kwa "picked it up" sauti inakanyaga UP. Kwa "looked at it" sauti inakanyaga LOOKED na "at" inapita haraka kama haipo. Yaani lile neno dogo likiwa na nguvu, lenye uzito wake, mara nyingi kiwakilishi (hiyo "it" au "him") kinaingia katikati, na likiwa jepesi linamshika mtu wake mkono na kubaki mbele yake. Hicho ndo kipimo natumia mpaka sasa. Maneno kama "away" na "back" karibu kila mara yana uzito. Maneno kama "at", "for", "to", "from", "with", "after" ni mepesi, usiyatenganishe na "him" wala "it". Yale ya kuwa nayo makini ni "on", "off", "over", kwa sababu yanacheza pande zote: "I turned it on" lakini "I relied on it". "The lorry ran him over", kilio hicho, lakini "he got over it", yaani lilimuuma na likapita.

Zile zenye maneno madogo mawili hazina shida, kiwakilishi kinaenda mwisho: "we ran out of it", "she put up with him", "I caught up with them".

Kitu kingine, jana inavaliwa na kitenzi peke yake, na inavaliwa mara moja. Ukishaweka "did", basi did ndo imebeba jana na kitenzi kinarudi kilivyozaliwa, "did you pick it up?", "I didn't wait for him". "Didn't waited" nimeisikia hata kwa watu wa digrii. Na uchunge "put", hiyo haibadiliki, "I put it off" inaweza kuwa jana au kila siku, msikilizaji anategemea maneno mengine uliyosema.

Kwa masikio pia kuna kazi. Mtu akiongea haraka "picked it up" inatoka kama "piktitap", na wewe unangoja kusikia "piked" yenye e, hutaisikia, ile -ed ya hapo ni t tu. Kwa "waited" ndo inasikika id.

Alafu hapa Uganda tunasema "I picked him from the taxi park" na kila mtu anaelewa nilienda kumchukua. Si vibaya, ni Kingereza chetu na mi naitumia nikiongea na watu wetu. Lakini mgeni anaweza kusikia nilimchagua, kwa hiyo kwenye barua ya kazi weka "picked him up".

Na him au her? Sisi "m" yetu ni moja kwa mwanaume na mwanamke, kwa hiyo akili inachelewa kuchagua, mtu anamwongelea mama yake anasema "I called him". Hapo sina ujanja mwingine zaidi ya mazoezi. Upande wa vitu tumeonewa huruma, sisi tuna nilikiokota, niliuokota, niliiokota, nililiokota, wao wote hao ni "picked it up".

Vile ninavyofanya na vijana wanaokuja kwangu jioni ni hivi, hakuna kuandika "look after" peke yake kwa daftari. Unaiandika ikiwa imevaa, ya jana na mtu wake, "looked after her", "gave it back", "waited for them", tatu kwa siku, unazisema kwa sauti ukikanyaga pale panapokanyagwa, na kila moja unaifungia na kitu kilichokutokea kweli siku hiyo, kwa sababu ile ya kutunga inapotea kesho yake.

Juzi mmoja wao, anafanya kazi ya stoo hapa mpakani, kanitumia ujumbe usiku: "They brought it back and I signed for it." Moja imeenda katikati, nyingine imebaki mwisho, zote sawa. Nikamjibu vizuri sana mwanangu, sasa nitumie na sentensi juu ya dereva.