Njia ya baiskeli ya muda huwekwaje

Uliuliza Berlin iliwezaje kuweka njia za baiskeli haraka wakati wa korona. Hawakujenga kitu. Machi 2020, kule Kreuzberg, mtaa mmoja wa Berlin, walichukua njia moja ya magari, wakachora mistari ya njano (Ujerumani hiyo ndiyo rangi ya alama za muda) na kupanga vibao vya mistari myekundu na myeupe vya matengenezo ya barabara, vyenye kitako kizito. Koni peke yake hazifai: upepo huziangusha, na madereva huzisogeza wapate pa kuegesha.

Upana usipungue mita 2 kwa uelekeo mmoja, ili wa nyuma aweze kumpita wa mbele. Na upana huo usiumege kutoka njia ya waenda kwa miguu.

Kasheshe iko kwenye makutano. Gari linalokata kona humgonga mwendesha baiskeli anayenyoosha moja kwa moja. Ondoa maegesho mita 10 kabla ya kona, bana kona kwa nguzo za plastiki ili gari lipunguze mwendo, kisha taa ya kijani ya baiskeli na ya waenda kwa miguu iwake sekunde 3 hadi 5 kabla ya ile ya magari.

Halafu kagua vifuniko vya mitaro: nafasi zake zikilala sambamba na gurudumu, tairi jembamba linazama. Vigeuzwe kabla ya kupaka rangi.