Kete zinazonuka: usizitie siki

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba ulinunua kete (magamba ya konokono wa baharini) thelathini, zenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, kwa mchuuzi mmoja hapa Nairobi ili utengeneze mkufu, kwamba sasa zinanuka kabatini, na umeuliza kama inafaa kuziloweka katika siki, na jina la aina yake ni lipi. Tafadhali iache hiyo siki. Gamba la kete ni kalisi kaboneti, ambayo huliwa na asidi, na mng'ao wake ukishatoka haurudi, kwa kuwa ni konokono mwenyewe aliyeutengeneza alipokuwa hai, akilifunika gamba kwa nyama yake laini na kuliongezea tabaka juu ya tabaka.

Uvundo huo unatokana na mabaki ya nyama yaliyokwama ndani. Ziloweke katika maji safi kwa siku kadhaa, ukiyabadilisha kila siku (roshani ni afadhali kuliko jikoni, majirani wakivumilia), kisha uelekeze maji ya mfereji kwenye ule mwanya wenye meno, uzitikise na kuzianika kivulini.

Kuhusu jina, pete hiyo ya rangi ya dhahabu uliyoiona mgongoni ni alama ya aina ya kete iitwayo Monetaria annulus. Aina nyingine, Monetaria moneta, iliyovuma kama fedha kutoka visiwa vya Maldivi, huwa ya manjano na yenye vinundu pembeni. Hata hivyo zako nazo zilikuwa fedha: katika karne ya 19 zilisafirishwa kwa shehena kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi. Ukinunua tena, chagua zilizotobolewa mgongoni, kwani husafishika upesi.