Jibu: Umeuliza, Sega Saturn, mashine ya michezo ya video ya kampuni ya Sega, ilishindwa sokoni kwa udhaifu wa mashine? Na mbona yako inasahau ulipofikia mchezoni?

Hapana ndugu, dhaifu haikuwa. Ilikuwa na prosesa mbili za SH-2 za Hitachi, ila zilitumia njia moja kufikia memori: moja ikisoma, nyingine inasubiri. Kuiandikia michezo ilikuwa kazi ngumu kweli.

Kilichoiumiza zaidi Marekani ni papara. Tarehe 11 Mei 1995 Sega ilitangaza kuwa tayari inauzwa, dola 399, karibu miezi minne kabla ya tarehe iliyoahidiwa, michezo ikiwa michache na baadhi ya maduka makubwa yakiachwa nje. Siku hiyohiyo Sony ikataja bei ya PlayStation, mashine yake shindani: dola 299. Japani iliuzika vizuri zaidi.

Ama Saturn yako kusahau ulipofikia mchezoni, ni betri tu. Fungua kifuniko cha nyuma, weka betri mpya ya duara aina ya CR2032, panga saa.