Maswali ya Wasomaji: Chandarua Kipo Ndani, Mbona Mtoto Anaumwa?

SWALI: Ninaishi katika bonde la Kilombero, nina watoto watatu. Tuna vyandarua viwili. Kimoja nilipewa kliniki nikiwa mjamzito, cha pili nilipewa mtoto alipochanjwa surua. Kimoja tumekifunga kitandani, ambako ninalala na baba yao na mdogo wa miezi 11. Kingine kimo kwenye begi, maana wakubwa wanalala kwenye mkeka sebuleni na hapana pa kukitundika. Yule wa miaka 3 amepimwa na kukutwa na malaria mara mbili tangu masika yaanze. Mume wangu anasema vyandarua hivi havifanyi kazi. Je, ni kweli? – Mama wa watatu, Mlimba

JIBU: Pole sana, mama, kwa kuuguza. Barua yako imebeba sehemu kubwa ya jibu: anayeugua ndiye anayelala nje ya chandarua. Katika nyumba nyingi mtoto hukingwa vizuri maadamu ananyonya na kulala ubavuni mwa mama yake, lakini akishaachishwa ziwa huhamishiwa kwa kaka na dada zake, na huko anakohamia mara nyingi hapana kitanda wala chandarua. Kwa hiyo, tunapouliza iwapo nyumba ina chandarua, tunapaswa kuuliza pia ni nani anayelala ndani yake.

Tatizo la sebule tunalielewa, kwa sababu mahali panapokaliwa mchana na kulaliwa usiku hapafai kuzibwa na chandarua kutwa nzima. Pigilia misumari 4 ukutani au funga kamba kwenye kenchi, usawa wa pembe nne za mkeka, kisha uache kamba hizo zikining'inia daima. Hata vipande vya kanga kuukuu vinatosha kuwa vitanzi. Asubuhi chandarua kikunjwe na kufungwa fundo juu, jioni kiteremshwe kabla watoto hawajasinzia, kwani mzazi aliyechoka hawezi kutafuta nyundo saa 4 usiku. Mkeka ni mwepesi na mtoto hujigeuza sana, hivyo pindo la chandarua liingizwe chini ya mkeka kwa kina cha kutosha pande zote, na watoto walazwe katikati, kwa maana mguu ulioegemea kitambaa huweza kuumwa kupitia matundu yake.

Jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja, lakini watu wa bonde hilo mnalijua kuliko sisi, ni safari za shamba. Msimu wa mpunga familia huhamia kwenye vibanda na madungu, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, na chandarua hubaki nyumbani kikilinda kitanda kitupu. Tafadhali kifungeni pamoja na sufuria na majembe, kwa sababu kibanda kisicho na kuta kamili, kando ya maji ya jaruba, ni mahali ambapo mtoto anakihitaji kuliko anavyokihitaji nyumbani.

Mume wako naye asikilizwe, kwa kuwa hoja yake haikosi msingi. Mbu wa sehemu nyingi za Afrika wamekuwa sugu kwa dawa ya pairethroidi iliyotumika miaka mingi katika vyandarua. Hata hivyo, majaribio yaliyofanyika nchini mwetu, Muleba mkoani Kagera na Misungwi mkoani Mwanza, yalionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya pili huwakinga watoto vizuri zaidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina mojawapo ya vyandarua hivyo. Majaribio ya awali katika nchi mbalimbali za Afrika yalikuwa yameonyesha kuwa chandarua chenye dawa hupunguza vifo vya watoto kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na kulala bila chandarua. Mwambie baba yao, kwa heshima, kwamba kile cha kwenye begi bado hakijajaribiwa.

SWALI: Huku kwetu Tanga joto ni kali, mtoto wa miaka 2 hulia akiwekwa ndani ya chandarua. Nawasha dawa ya mbu ya kuchoma jioni, nikilala naiacha iishe. Inatosha? – Mama Rehema

JIBU: Haitoshi, dada yetu. Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, wakati dawa ya kuchoma huenda imekwisha. Mlaze mtoto na nguo nyepesi au nepi tu, sogeza kitanda karibu na dirisha lenye wavu, na kama una feni iweke nje ya chandarua ikielekea kitandani. Ikiwa analia kwa kuwashwa, huenda chandarua ni kipya. Kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika.

SWALI: Wajukuu wangu walileta vyandarua kutoka shuleni. Vimechafuka na kimoja kimetoboka. Nivifue kwa sabuni ya unga na kuvianika juani? – Babu, Masasi

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Tumia sabuni ya mche na maji ya baridi, usivisugue kwa nguvu, na uvianike kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Vyandarua vingi vya dawa ya muda mrefu vimetengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo visifuliwe kila wiki. Tundu lishonwe mara moja kwa sindano na uzi wa kawaida kabla halijapanuka. Maji ya kufulia yamwagwe mbali na kisima, mto au bwawa, maana dawa hiyo huua samaki.