Maswali kwa Bibi wa Msasani: Kuvua na Kuogelea Bahari ya Dar

SWALI: Shikamoo Bibi. Naishi Ubungo, na tangu mwaka jana kila Jumamosi naenda kuvua kwa mshipi kwenye miamba ya Coco Beach. Jumamosi iliyopita, siku ya mwezi mpevu, nilifika saa nne asubuhi nikakuta maji yametoka mbali. Nikatembea juu ya mwamba mpaka ukingoni. Samaki aina ya changu walikuwa wanakula vizuri, nikasahau muda. Kugeuka saa saba na nusu, nyuma yangu kuna maji ya kifuani, na mimi kuogelea sijui. Vijana wawili walinishika mikono wakanitoa. Nilikosea wapi? Halafu kuna samaki nilimnasa akajijaza kama puto. Jirani anasema akichemshwa sana analika. Ni kweli?
Mvuvi mpya, Ubungo

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, maana yaliyokupata yalinipata mimi nikiwa na miaka 12. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa hapa Msasani, na siku hiyo nilikuwa nimefuata pweza mpaka mwisho wa mwamba na ndoo ya mama. Vijito vilivyokuwa vikichuruzika kwenye mashimo ya mwamba vilinyamaza, kisha vikaanza kurudi vilikotoka. Sikujali. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimesimama kwenye kisiwa cha ukubwa wa mkeka. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na tanga aliniokota, ndoo ikaenda na maji. Mama hakunipiga. Alinikalisha kizingitini akanifundisha kuhesabu mwezi kwa vidole, na hesabu hiyo ndiyo ninayokupa wewe.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, ni bamvua, yaani maji hutoka na kujaa kuliko siku nyingine. Hapa kwetu siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa inaweza kupita mita 3. Lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta tu, unaona kama yamelala. Ni saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa nguvu, na karibu nusu ya ujazo wote huingia katika saa hizo mbili. Sasa hesabu mwenyewe: ulifika saa nne, kwa hiyo kati ya saa sita na saa nane mchana yalipanda kiasi cha mita moja na nusu, wewe ukiwa umeipa pwani mgongo. Tena hayakuja kutoka mbele ulikokuwa unatazama. Mwamba una mabonde upande wa nchi kavu, na hayo ndiyo yanayojaa kwanza.

Kwa hiyo usikae ukingoni kungoja maji yageuke. Nenda wakati yanatoka, uwafuate samaki huku maji yakirudi nyuma, na ikifika saa ya kupwa kabisa kunja mshipi, hata kama changu ndiyo kwanza wameanza kula. Najua inauma. Saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, basi usiikariri saa nne ya Jumamosi hii ukaitumia Jumamosi ijayo. Ijayo mwezi utakuwa nusu, nayo ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana, na kwa anayejifunza ndizo siku nzuri. Vaa viatu vyenye soli, usivue peke yako, na tafuta mtu akufundishe kuelea kabla ya kununua ndoano nyingine.

Huyo samaki wa puto ni bunju. Jirani yako asikudanganye. Sumu yake iko kwenye ini, mayai, ngozi na viungo vingine, na moto hauiui hata ukimchemsha tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyemla akianza kuhisi ganzi midomoni na kwenye ulimi, mkimbizeni hospitali hapo hapo, maana kinachofuata ni kupooza kwa misuli ya kupumulia. Ukimnasa bunju mrudishe majini, wala usimwache ufukweni ambako mtoto au paka atamwokota.

SWALI: Habari za kazi, Bibi. Sikukuu hii nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 7 na 11, kisiwa cha Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi. Mara ya mwisho mwenye boti alisema majaketi okozi yapo chini ya viti, safari fupi hakuna haja ya kuvaa. Mkubwa anataka pia kukodi kayaki Msasani. Wote wamejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Inatosha?
Baba wa wawili, Tabata

JIBU: Haitoshi, baba. Bwawa halina mkondo wala wimbi linalompiga mtoto usoni anapotaka kuvuta pumzi. Nimefundisha watoto wa Msasani kuogelea kwa zaidi ya miaka 20, na walionitia hofu zaidi ni hawa waliofaulu bwawani.

Jaketi lililo chini ya kiti ni mzigo tu. Boti ikipinduka, wewe uko upande mmoja na kiti kiko upande mwingine. Mvalishe mtoto ukiwa bado mchangani, funga mikanda yote, kisha mwambie anyooshe mikono juu, nawe ulivute jaketi mabegani. Likipanda likafika masikioni, ni la mtu mzima, majini litamtoka. Kama hakuna la kimo chake, shuka. Mwenye boti atakasirika, mwache akasirike. Na usiku wa kabla ya safari sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, Mbudya iahirishe. Kisiwa hicho ni eneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo mishipi iacheni nyumbani, kuvua hakuruhusiwi.

Kuhusu kayaki, angalia upepo kwanza. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, maji ya Msasani karibu na pwani yanakuwa kama kwenye sahani kwa sababu rasi inayakinga. Mtoto anapiga kasia kwa raha, anaendelea, na akishatoka kwenye kinga hiyo upepo unamsukuma kuelekea upande wa Kawe. Kwenda kulikuwa kwepesi, kurudi hawezi. Aanze kwa kupiga kasia dhidi ya upepo, akichoka upepo umrudishe. Aende asubuhi, nawe uwe kwenye kayaki ya pili.

Mkondo ukimvuta mtu, asipambane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea pwani. Aelee, ainue mkono, aogelee kando kufuata ufukwe mpaka mvuto upungue. Nawe usimrukie. Kila nikishuka pwani nabeba dumu tupu la mafuta ya kupikia la lita 5, kifuniko kimekazwa, na kamba ya mita 15 shingoni mwake. Hilo ndilo la kumtupia. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa hiyo macho yako yasiwe kwenye simu. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha mkandamize kifua mara 30 na pumzi 2, mrudie hivyo hivyo, huku mwingine akipiga 114 kuita zimamoto na uokoaji.

SWALI: Bibi, mume wangu alikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, tukiwa tunaoga Kigamboni. Watu wakasema tupake mafuta ya taa. Tungefanya nini?
Mama wa Kigamboni

JIBU: Pole sana, na mwambie namwombea apone vizuri. Mafuta ya taa hayasaidii kitu. Jeraha lioshwe, kisha mguu uzamishwe kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa dakika 30 hadi saa moja na nusu, mkiongeza maji yanapopoa. Yajaribu wewe kwanza kwa mkono wako, maana mguu wenye maumivu haupimi joto sawasawa. Miba ya samaki ngogo nayo inatibiwa vivyo hivyo. Halafu aende zahanati akaangaliwe kama kuna kipande cha mwiba kilichobaki ndani, na achomwe sindano ya pepopunda. Mwiba ukiwa umeingia tumboni au kifuani, msiuchomoe, mpelekeni hospitali nao ukiwa hapo hapo. Na mkirudi kuoga, msinyanyue miguu. Iburuzeni mchangani, taa atawasikia na kuondoka.